Rangi inapokimbia: kutafuta kosa kwenye picha za bluu na picha za chumvi, Mtwara na Lindi

Kijana mmoja wa Lindi alikuja kwangu Mikindani na bahasha ya kaki. Baada ya shikamoo na marahaba akatoa picha kumi na moja, akazipanga juu ya mkeka. Zote zilikuwa za majani ya mkorosho, na zote zimepauka kama kanga iliyosahauliwa kambani.

"Mzee, dawa nimebadilisha mara mbili. Nimeagiza tena Dar, nimelipia mzigo kwenye basi, bado hali ni hii hii."

Nikamwuliza maji ya kuoshea anachota wapi. Kisimani, nyumbani. Nikamwuliza tena birika la nyumbani kwao likoje kwa ndani. Akashangaa kidogo, akasema lina ukoko mweupe, mama yake huukwangua kwa kisu.

Kosa lilikuwa humo birikani: ukoko ule ni chokaa ya maji ya kisima. Dawa zake mbili zilikuwa nzima, na pesa yake ilikuwa imepotea bure. Hicho ndicho kilichonifanya niandike haya. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe na chokaa, visima vingi vina munyu, hewa ni ya unyevu, jua ni kali. Ukifuata maelekezo yaliyoandikwa na watu wenye maji laini na hewa kavu, utafanya kila kitu sawasawa na picha itaharibika. Kwa hiyo karibu kila dalili hapa chini naanza na maji, kisha hewa, kisha karatasi. Dawa huwa ya mwisho kushukiwa.

Kwanza tukumbushane kazi zenyewe. Picha ya bluu, yaani sayanotaipu, aliigundua John Herschel wa Uingereza mwaka 1842. Inatumia dawa mbili za chuma: chupa ya kwanza ina feriki amonia sitreti gramu 25 kwenye maji mililita 100, ya pili ina potasiamu ferisianidi gramu 10 kwenye mililita 100. Unachanganya sehemu sawa kwa sawa, unapaka karatasi, unaikausha gizani, unaweka juu yake jani au negativu, yaani picha ya plastiki ambayo mwanga na giza vimegeuzwa, unabana kwa kioo, unapeleka juani, unaosha kwa maji. Picha ya chumvi ni ya zamani zaidi. William Henry Fox Talbot aliianza miaka ya 1830. Karatasi inalowekwa maji ya chumvi ya asilimia 2 hivi, inakauka, inapakwa fedha nitrati ya asilimia 12 hivi, inakwenda juani hadi iwe kahawia, kisha inaingia kwenye haipo, yaani sodiamu thiosalfeti, dawa ya kuifanya picha isiendelee kugeuka, ile ile tuliyotumia studio enzi za kusafisha mikanda. Vipimo pima kwa mizani ya sonara na bomba la sindano la duka la dawa. Kijiko hakitoshi.

Kabla ya chochote, onyo moja. Katika ukurasa huu nitataja maji ya betri, nikimaanisha yale maji safi ya kuongezea betri. Dukani yanakaa rafu moja na asidi ya betri, na chupa zinafanana. Asidi kali ikikutana na potasiamu ferisianidi inaweza kutoa hewa ya sumu inayoua. Soma lebo, kisha mwulize muuzaji, kisha soma lebo tena.

Bluu imetoka nzuri, kisha ikafifia ndani ya beseni

Hii ndiyo dalili ya yule kijana, na ndiyo inayowatesa wengi huku. Picha inaingia majini, bluu inajitokeza, moyo unafurahi. Dakika kumi baadaye inaelekea zambarau hafifu, mwisho inabaki rangi ya chai ya maziwa.

Bluu hii haipatani na kitu chochote chenye asili ya magadi. Maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa yana tabia hiyo, na kadiri unavyosuuza ndivyo unavyozidi kuila picha yako. Mwanafunzi akikosea anaongeza muda wa kuosha akidhani ndiyo usafi, na hapo anamalizia kuiua.

Jaribio lake ni rahisi. Kata picha moja mbovu vipande vitatu. Kimoja weka kwenye maji ya kisima, cha pili kwenye maji ya kisima yaliyotiwa siki nyeupe kijiko kimoja cha chakula kwa lita, cha tatu kwenye maji ya mvua. Acha saa moja. Cha kwanza kikipauka na viwili vikabaki, umeshajua. Huna haja ya kuagiza kitu Dar.

Tiba yake: maji ya kwanza ya kuoshea yawe na siki kwa kipimo hicho, au maji ya ndimu moja iliyochujwa vizuri kwa lita. Utaona faida nyingine ambayo hukuitarajia, kwamba vivuli vya katikati, vile vya bluu nyepesi, vinabaki vingi zaidi kuliko kwa maji matupu. Suuza la mwisho liwe la maji ya mvua, au kama ni ya kisima basi liwe fupi. Mvua kinga moja kwa moja kwa beseni uwanjani. Ya kwenye bati lenye kutu nitaieleza mbele.

Kuna wengine wana maji mazuri na bado bluu inakimbia. Hao nawauliza beseni. Kama ndilo la kufulia nguo, sabuni ya unga imebaki kwenye mikwaruzo ya plastiki, na sabuni ya unga ni adui yule yule. Nunua beseni la picha, liandike kwa rangi, wala lisitoke chumbani.

Na kama maji ni mazuri, beseni ni safi, lakini picha inapauka taratibu kwa wiki kadhaa hata ikiwa kabatini, basi ni karatasi. Karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi zimetiwa unga wa chokaa ili zisigeuke manjano. Chokaa hiyo inaikaanga bluu polepole kutoka ndani. Tafuta karatasi ya kuchorea ya rangi za maji, nzito, isiyo na chokaa. Kama huna uhakika, paka karatasi mbili tofauti siku moja, osha pamoja, kisha zifungie mwezi mzima ndani ya kitabu. Uvumilivu wa mwezi mmoja ni nafuu kuliko ream nzima ya karatasi mbovu.

Jambo moja lisikutishe: picha ikitoka majini huwa hafifu kuliko itakavyokuwa kesho. Bluu inakolea yenyewe kwa hewa ndani ya saa 24. Ukiwa na haraka, tia kifuniko kimoja cha peroksaidi ya duka la dawa kwenye lita ya maji ya mwisho, uone inavyoruka kuwa bluu ya usiku. Haiongezi kitu ambacho kisingekuja chenyewe.

Bluu yote imesombwa na maji tangu mwanzo

Hapa maji hayana kosa. Rangi haikushika kwa sababu jua halikufanya kazi yake. Angalia karatasi kabla ya kuiosha: sehemu zilizo wazi zinatakiwa zipite bluu hadi ziwe kijivu chenye mng'ao wa shaba, kana kwamba zimeungua. Ukiitoa ikiwa bado kijani au bluu tu, itakwenda na maji.

Chanzo cha kwanza ni haraka. Jua letu ni kali, lakini negativu za plastiki hazifanani. Mimi hufunika karatasi kwa kadibodi na kuisogeza, dakika 4, 8, 12, 16, kisha nachagua. Jaribio hilo rudia kila unapobadili negativu au msimu, maana jua la Juni si la Februari. Huku kwetu, kwenye nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, kwenye Februari ya mwisho na Oktoba ya mwisho, na siku hizo dakika zinapungua.

Chanzo cha pili ni kioo. Kioo kinene au chenye rangi, na hasa cha gari, kinazuia ile miale isiyoonekana kwa macho ambayo ndiyo inayofanya kazi. Chukua kioo chembamba cha dirisha cha kawaida, mwambie fundi akung'arishie kingo usijikate.

Cha tatu ni karatasi kutokauka. Mikononi unaiona kavu, ndani ina unyevu. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, naiacha mbele ya feni saa nzima gizani, na nikigusa kwa shavu ikawa ya baridi najua bado.

Sehemu nyeupe si nyeupe

Nyeupe ikiwa ya bluu hafifu kote, dawa ilianza kugeuka kabla ya jua. Karatasi iliyopakwa inatakiwa iwe manjano ya kijani kama embe bichi lililomenywa. Ikiwa na rangi ya bahari kabla hujaitumia, itupe. Huku pwani karatasi iliyopakwa hailali. Waandishi wa nchi zenye hewa kavu wanasema inakaa siku kadhaa. Mimi napaka asubuhi, natumia mchana. Ukilazimika kuihifadhi, ifunge kwenye mfuko mweusi ndani ya kopo lenye mchele uliokaangwa ukapoa, unyonye unyevu.

Tazama pia chupa ya kwanza, ile ya feriki amonia sitreti. Inaota ukungu kama mkate. Ukungu kidogo unaweza kuuchuja kwa kitambaa, lakini kama dawa imebadilika rangi na kunuka, tengeneza nyingine. Tengeneza kidogo kidogo, kwa maji ya betri au ya mvua, na uweke mahali pa baridi na giza, mbali na jikoni na watoto.

Nyeupe ikiwa ya manjano, hujamaliza kuosha. Ile manjano ni dawa iliyobaki, na ukiitundika hivyo, kesho itakuwa bluu. Endelea na maji ya siki hadi manjano iishe, ukihesabu kwa kutazama nyeupe, wala si kwa saa.

Taa ya chumbani: balbu ndogo ya manjano haina neno. Mlango uliofunguliwa nusu "kidogo tu niione" una neno kubwa.

Vidoa vya bluu iliyokolea, na madoa mapana

Vidoa vidogo kama vya kalamu ni chuma. Ferisianidi ikikutana na kutu inageuka bluu hapo hapo. Kutu inatoka kwenye bomba la zamani, kwenye tangi la chuma, kwenye bati, kwenye kile kishikio cha chuma kinachobana nywele za brashi. Ndiyo maana maji ya mvua ya paa lenye kutu siyataki. Brashi zungushia chuma chake utepe wa plastiki, au paka kwa sponji. Na ukipaka, usikwaruze karatasi. Kila mkwaruzo unakunywa dawa zaidi na kuonekana baadaye kama mshipa.

Madoa mapana kuzunguka jani au ua ni unyevu wake. Jani bichi likibanwa na kioo juani linatoa jasho, jasho linaingia kwenye dawa. Wengine wanaipenda sura hiyo, na mimi siwakatazi. Ukitaka kingo safi, lilaze jani siku mbili ndani ya kitabu kizito.

Mwani una mambo yake. Anna Atkins wa Uingereza alianza mwaka 1843 kutoa kitabu cha picha za bluu za mwani, mwaka mmoja hivi baada ya Herschel kuitangaza njia yake, na kitabu hicho kinatambuliwa kuwa cha kwanza kuwekwa picha za namna hii. Huku kwetu mwani unalimwa, tunaupata bila shida, na vijana wengi wanaulaza kwenye karatasi moja kwa moja kutoka baharini. Hapo ndipo kosa. Maji ya bahari yana chumvi, tena yanaelekea upande wa magadi, yanaila bluu pale yalipodondokea. Suuza mwani kwa maji ya mvua mara tatu, uweke kati ya kitambaa na gazeti, uache ukauke hadi unyooke. Ndipo utaona vile vitawi vyembamba vinavyotoka kama uzi.

Picha ikiwa haikati kingo, kioo hakijabana. Ongeza vibanio, weka godoro jembamba la sponji nyuma ya karatasi. Hilo halihitaji maneno mengi.

Fedha imekuwa maziwa

Sasa picha za chumvi. Nazipenda kuliko za bluu, maana kahawia yake ina joto la mbao, na zinaniuma zaidi zikiharibika kwa sababu fedha nitrati ni ghali.

Unamimina fedha nitrati kwenye maji, badala ya kuyeyuka ikawa maji maangavu, inachafuka kama tui la pili. Maji yako yana chumvi. Fedha imeshaoana na chumvi ya maji ndani ya chupa, kabla haijakutana na chumvi ya karatasi. Iliyochafuka hivyo haifai tena kupaka.

Ndiyo sababu nasema jaribu maji kabla. Weka maji kwenye glasi safi, mbele ya kitu cheusi, dondosha tone moja la fedha nitrati iliyo nzima. Wingu jeupe likitokea, maji hayo ni ya kuoshea tu. Nimejaribu hivi maji ya kisima, ya bomba, ya mvua, hata ya chupa ya kunywa, na nilichojifunza ni kutoyaamini kwa jina lake. Mvua ya siku ya upepo wa bahari inaweza kuwa na chumvi pia. Maji ya betri yanapita jaribio karibu mara zote, na bado nayajaribu kila chupa mpya.

Vaa glavu na miwani. Fedha nitrati ikigusa ngozi inaacha weusi wa siku nyingi. Jichoni inaweza kupofusha.

Chumvi yenyewe huku hatuagizi. Ya mawe, ya mashamba ya chumvi ya Lindi na Mtwara, inafanya kazi vizuri, ila ina udongo. Iyeyushe, iache itulie usiku kucha, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa cha pamba. Ukiruka hatua hiyo utapata vidoa vyeusi, na kila kidoa ni punje ya udongo au ya chuma.

Alama za vidole zinajitokeza kama za mwizi

Jasho ni chumvi. Ukishika karatasi kabla ya kuipaka fedha, kidole chako kimeshaandika, na jua litakisoma. Shika pembe tu, kwa mikono mikavu. Kabla sijajua hili niliharibu picha ya mlango wa nakshi wa Mikindani, katikati kabisa kuna dole gumba langu. Nimeitunza kuwaonyesha wanafunzi.

Kahawia inapauka kwenye haipo, au inatoweka

Kupauka kidogo ni kawaida yake. Iache juani hadi ipite giza unalotaka, kana kwamba umeiunguza, kisha haipo itairudisha. Ikipauka mno, haipo yako ni kali au umeisahau humo. Mimi natumia asilimia 10 hadi 15, na chembe ya magadi soda. Angalia vizuri: magadi yanayoua bluu ndiyo yanayoilinda kahawia isiliwe. Kwa hiyo magadi yasikae meza moja na kazi ya bluu.

Kabla ya haipo, osha kwanza kwenye maji yenye chumvi kidogo. Yatakuwa meupe kama maziwa. Hiyo ni fedha iliyobaki ikitoka. Badilisha hadi yawe safi. Ukiiruka hatua hii, fedha hiyo inaingia kwenye haipo na kuichosha mapema, na picha inabaki na madoa ya manjano yatakayojitokeza baada ya miezi. Kahawia inayofifia baada ya miezi ni haipo iliyochoka au haipo iliyobaki ndani ya karatasi: tumia mabeseni mawili ya haipo, dakika chache kila moja, kisha osha kwa maji yanayobadilishwa kwa nusu saa au zaidi.

Sasa kuna kutoweka, ambako picha inayeyuka mbele ya macho yako ndani ya dakika mbili, hadi karatasi nyeupe. Mama mmoja wa Mtwara aliyenipigia simu alikuwa analia. Nikamwuliza, "Dada, beseni hilo jana lilifanya kazi gani?" Jana lilitumika kwa dawa za bluu. Potasiamu ferisianidi ikichanganyika na haipo inayeyusha fedha. Mafundi wa zamani wa picha waliichanganya makusudi, kwa vipimo vidogo, ili kupunguza weusi wa picha iliyozidi giza. Masalia tu ya beseni yanatosha kula picha nyepesi kama ya chumvi. Bluu na chumvi zisishirikiane beseni, brashi wala glavu.

Haipo iliyotumika ina fedha ndani. Usiimwage ufukweni wala karibu na kisima. Weka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria kwenye ndoo yake, uziache siku kadhaa; fedha inashuka juu ya chuma kama matope meusi, ukusanye.

Karatasi ya fedha imekuwa kahawia kabla ya jua

Unyevu na joto. Paka fedha, kausha gizani, tumia siku hiyo hiyo. Chembe ya asidi ya sitriki kwenye maji ya chumvi ya mwanzo inasaidia kuichelewesha. Ikiwa picha inakosa nguvu, kama imezama ndani ya karatasi, ipake kwanza uji mwepesi wa wanga uliotiwa ile chumvi; mimi natumia wanga wa muhogo, nauchemsha hadi uwe wazi na kuuchuja. Fedha inabaki juu, na giza linapata kina.

Picha ya bluu imetundikwa ukutani, imepauka

Shangazi yangu nilimpa picha ya ngalawa, akaitundika mkabala na dirisha. Baada ya miezi sita akaniita, akasema zawadi yangu imezeeka kabla yake. Hapa kuna vyanzo viwili, na lazima uvitofautishe kabla ya kukata tamaa.

Kama ni mwanga, bluu imepumzika tu. Itoe kwenye fremu, iweke gizani mahali penye hewa siku kadhaa, na sehemu kubwa ya bluu itarudi yenyewe. Ya shangazi ilirudi ndani ya wiki moja juu ya kabati.

Kama ni chokaa, hairudi. Nyumba nyingi za zamani za Mikindani kuta zake zimepakwa chokaa, na picha iliyobandikwa moja kwa moja ukutani inaliwa kwa nyuma, hasa masika ukuta ukitoa unyevu. Utaitambua kwa kuwa imepauka kwa mabaka ya manjano yanayofuata sehemu zilizogusa ukuta, wakati mwanga hupausha picha nzima sawasawa. Hiyo chapisha upya, na safari hii weka kadibodi isiyo na chokaa nyuma yake, na fremu iachane na ukuta kwa vipande viwili vya kizibo pembe za chini.